Ubishi Wenye Jembe Mkononi

Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya kazi ya watu ambao wengi wetu hatujapata kuwaona wala kusikia jina la hata mmoja wao, ingawa haipiti siku bila kuitumia kazi ya mikono yao. Simu uliyo nayo mfukoni, ikiwa ni ya Android, inaendeshwa na kiini kiitwacho Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile zinazotumika katika mambo kama kutabiri hali ya hewa, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na kiini hicho hicho. Kimeandikwa hadharani, na kila anayetaka anaweza kukisoma, kukinakili, kukibadilisha na kumpa jirani yake bila kulipa senti moja. Programu za namna hiyo tunaziita programu huria.

Mimi nilifikishwa kwenye programu hizi na uhaba. Kompyuta ya kwanza niliyopata kuiita yangu ilikuwa kuukuu, zawadi ya rafiki aliyekuwa amekwisha kununua nyingine, na hapakuwa na fedha za kulipia mfumo mpya, ambao hata hivyo mashine ile isingeweza kuubeba. Fundi mmoja akaniwekea Linux kutoka kwenye diski aliyoinakili mwenyewe, akaniambia kwa fahari, "Hii si ya wizi, Mzee, hii wenyewe wametoa." Maneno hayo, wenyewe wametoa, yamenikaa akilini tangu siku ile. Ni akina nani hao wenyewe? Na kwa nini watoe? Nilipoanza kusoma mazungumzo yao nilitazamia kukuta upole na kushukuriana, kama ilivyo desturi tunapowafikiria watu wanaojitolea. Nikakuta ubishi. Ubishi wa asubuhi na jioni, wa miaka na miaka, juu ya mambo ambayo mengine kwa mtu wa nje ni madogo kama chembe ya mchanga.

Hapana budi nieleze kidogo kazi yenyewe inavyokwenda. Programu huandikwa kwanza kama maandishi, yaani msimbo, ambao binadamu anaweza kuusoma. Mtu akiona kasoro au akiwa na wazo huandika badiliko dogo, ambalo mafundi huliita kiraka, akalipeleka kwa mtunzaji wa programu ile. Kiraka kinasomwa mstari kwa mstari mbele ya wote. Huyu atauliza kwa nini hesabu hii imefanywa mara mbili. Yule atasema jina hili litawachanganya watakaokuja baadaye. Wa tatu atasema badiliko lote halina haja. Mwenye kiraka hujibu, hurekebisha, huleta tena, na viraka vingine huletwa mara nyingi kabla havijapokelewa. Kwa hiyo ubishi huu ni sehemu ya kazi, kama vile kunyoosha kamba kulivyo sehemu ya kujenga ukuta.

Waliokulia vijijini wataelewa upesi. Tulipokwenda kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, hakukosekana mtu wa kusema kwamba mfereji umepindishwa. Akisema hivyo akiwa ndani ya tope, jembe mkononi, wenzake husimama, hutazama nyuma walikotoka, hubishana naye, na mara nyingine hufukia hatua kumi wakaanza upya. Akisema hivyo akiwa ameketi kivulini, hata kama ana haki, maneno yake huwa mzigo mwingine juu ya mabega ya wachimbaji. Nitaitumia tofauti hiyo katika yatakayofuata, ingawa peke yake haitoshi, kama tutakavyoona.

Tuanze na ubishi ulio maarufu kuliko yote katika historia ya mambo haya. Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia watumiaji wa mfumo uitwao MINIX kwamba anaandika mfumo wake mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, na kwamba haukusudiwi kuwa kitu kikubwa. MINIX ulikuwa umetolewa mwaka 1987 na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia, na Torvalds alijifunza mengi kutoka katika kitabu cha profesa huyo. Palikuwa basi na mwalimu na mwanafunzi, ingawa hawakupata kukaa katika darasa moja.

Mwishoni mwa Januari 1992 mwalimu aliandika hadharani kwamba Linux imekwisha kupitwa na wakati. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, kiini chake kilikuwa donge moja kubwa, ambapo yeye aliona kwamba kiini kinapaswa kuwa kidogo, na huduma nyingine zisimame nje yake kila moja peke yake, ili moja ikianguka isiziburute nyingine. Ya pili, kilikuwa kimefungamanishwa na aina moja ya mashine, zile zenye kichakato cha Intel 386, na mtu mwenye busara hajengi nyumba juu ya kiwanja cha kupanga. (Mfano huo wa kiwanja ni wangu, si wa profesa.) Akaongeza kwamba kazi ya namna hiyo isingepata alama ya juu katika darasa lake.

Kijana alijibu kwa moto. Aliutetea mfumo wake, akautaja na upungufu wa MINIX, tena kwa maneno ambayo mtu hamwambii mwalimu. Kesho yake akaandika tena kuomba radhi kwa ukali wa lugha. Hoja zake hakuziondoa. Wengine wakajiunga, na mjadala ukaenda mbele kwa siku nyingi, mwingi wake ukiwa juu ya mambo yanayoweza kupimwa: kasi, bei, urahisi wa kuhamisha kutoka mashine hadi mashine.

Nani alishinda? Nimewahi kuulizwa swali hilo na vijana, na kila mara naona ni swali dogo kuliko kisa chenyewe. Linux imebaki donge moja hadi leo. Lakini katika miaka michache iliyofuata ilifanywa iweze kuendeshwa na mashine za aina nyingine kabisa, ikapewa pia sehemu zinazoweza kupachikwa na kuondolewa huku mfumo ukiendelea kufanya kazi. Sisemi kwamba Torvalds alimtii profesa; nasema tu kwamba donge lile halikubaki kama lilivyokuwa siku liliposhutumiwa. Na MINIX nao, ambao zamani uliuzwa pamoja na kitabu, ulitolewa huria mwaka 2000. Mwaka 2017 ikadhihirika kwamba Intel walikuwa wameuweka ndani ya chipu zao, hata Tanenbaum akaandika barua ya wazi akisema ingekuwa ustaarabu mtu kumjulisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ilitokea mwaka 2004. Mtafiti wa taasisi moja huko Marekani alikuwa akiandaa kitabu chenye madai kwamba haiwezekani mwanafunzi mmoja kuandika kiini cha mfumo peke yake, na kwa hiyo Linux lazima iwe imeibwa kutoka MINIX. Alisafiri hadi Amsterdam kumhoji profesa. Fikirini, ndugu zangu: hapa ni mtu ambaye miaka kumi na miwili nyuma alikuwa amejibiwa vibaya na kijana huyo mbele ya dunia nzima. Shahidi gani angefaa kuliko yeye? Alikuwa hana haja hata ya kusema uongo. Kunyamaza kidogo kungetosha. Tanenbaum akatoa tamko hadharani kwamba Torvalds aliandika Linux mwenyewe, na kwamba madai yale hayana msingi. Wakati huo huo hakubadili hata nukta moja ya msimamo wake wa mwaka 1992 juu ya viini. Huyo, kwa macho yangu, ni mtu aliyebishana kwa haki. Alikuwa na ugomvi na muundo wa programu, na ugomvi huo haukumwingia katika hukumu yake juu ya mtu.

Si kila aliyebishana katika jamii hizi alifika hapo. Torvalds mwenyewe, baada ya kuwa mkubwa, alijulikana kwa kuwavurumishia matusi watu walioleta viraka vibaya. Wapo waliomtetea kwa kusema kwamba ukali huo ndio uliolinda ubora. Sikubaliani nao. Msimbo mbaya unaweza kukataliwa kwa sentensi moja, "Hii itaharibu data za watu, siipokei," na sentensi hiyo ina ukali wote unaohitajika. Kumwambia mtu kwamba ni mpumbavu hakuongezi chochote katika ulinzi huo. Tena hesabu ya ukali haiwezi kupigwa, kwa sababu walioumizwa wakaondoka kimya hawaandiki barua ya kuaga. Viraka ambavyo wangeandika havina mahali vinapoonekana kwamba havipo. Mwezi Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani kwa miaka ya kuwashambulia watu binafsi, akapumzika kazi ili ajitafutie msaada wa kuelewa hisia za wenzake, na jamii ya Linux ikapokea kanuni mpya za mwenendo. Mwezi uliofuata alirudi.

Miezi miwili kabla yake, tarehe 12 Julai mwaka huo huo, mzee mwingine wa programu huria alikuwa amekwisha kuweka jembe chini. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianzisha lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, aliiongoza kwa karibu miaka 30 akiwa na cheo cha utani cha dikteta mwema wa maisha. Alijiuzulu baada ya ubishi mrefu juu ya alama moja mpya katika lugha hiyo, alama ya nukta mbili na alama ya sawasawa. Pendekezo lake lilikuwa limekwisha kupita! Alishinda hoja, akachoka na vita. Mmoja basi aliondoka kwa muda kwa sababu ya ulimi wake mwenyewe, mwingine akaacha cheo chake jumla kwa sababu ya ndimi za wengine. Baada yake Python imeongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa.

Kuna jambo moja la Python ambalo ningependa vikao vyetu vyote viliige, kuanzia kamati za shule hadi vyama vya akiba na mikopo. Anayeleta pendekezo kubwa katika lugha ile huliandika rasmi, na anatakiwa kuandika humo humo maoni ya wanaompinga pamoja na mawazo yaliyokataliwa na sababu za kukataliwa kwake. Aliyeshindwa anakuta hoja yake imehifadhiwa, imeelezwa kwa haki, na mwanafunzi atakayekuja baada ya miaka 15 akiuliza kwa nini haikufanywa hivi atajibiwa bila ubishi kufufuliwa upya. Mihutasari yetu mingi husema tu "baada ya majadiliano marefu iliazimiwa". Majadiliano yenyewe yamekwenda na upepo, na ndiyo maana tunayarudia kila mwaka.

Kijana mmoja wa chuo, jirani yetu, alinijia siku moja uso umemshuka. "Shikamoo, Mzee. Wamenidhalilisha." Alikuwa ameandika kiraka chake cha kwanza kwa programu moja huria, kazi ya majuma mawili ya usiku, akakipeleka, na yakarudi maoni 14. Kwake maoni 14 yalikuwa vibao 14. Tulikaa tukayasoma moja moja, polepole. La kwanza lilimwonyesha kwamba programu itakwama mtu akiandika jina lenye herufi isiyo ya Kiingereza. La pili lilimshauri njia fupi. La tano lilikuwa na mfano mzima alioandikiwa, mistari minane. Nikamwuliza kama huyo aliyemwandikia analipwa. Akasema la, ni mtu wa kujitolea kama yeye. Nikamwambia basi huyu amekupa jioni yake yote. Kiraka kisicho na thamani hakipewi jioni ya mtu, kinafutwa tu.

Lakini haki itendeke: maoni ya tisa yalikuwa kibao kweli. Yalimwambia akasome kwanza mwongozo kabla ya kuwapotezea watu muda, wala hayakusema ni ukurasa gani wa mwongozo huo. Hayakuwa na kitu cha kurekebisha ndani yake. Kijana aliyajibu 13, lile moja akaliacha bila jibu, na kiraka kikapokelewa kilipoletwa mara ya nne. Na hapa niseme jambo ambalo wenzetu wa nchi tajiri pengine hawalifikirii. Kujitolea kwa mtu mwenye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa ni sadaka ya muda. Kijana huyu hununua bando la siku, na kila mara alipopakua msimbo wote upya ili ajaribu rekebisho moja, alikuwa akitoa sadaka ya chakula cha mchana. Neno la dharau linapomkuta mtu kama huyo, linakuta tumbo tupu.

Sasa nifike kwenye kisa kinachoitikisa ile tofauti yangu ya jembe na kivuli. Isidhaniwe kwamba programu huria zote hufanywa na watu wa kujitolea. Leo sehemu kubwa ya kazi ya Linux hufanywa na waajiriwa wa makampuni makubwa, nao wanalipwa vizuri. Lakini chini ya majengo hayo makubwa kuna mawe madogo madogo ambayo kila moja linashikiliwa na mtu mmoja au wawili, jioni, baada ya kazi. Mojawapo ni programu iitwayo xz, ambayo hushindilia faili ili zichukue nafasi ndogo. Imo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea.

Mwaka 2021 alitokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alileta viraka vizuri, kwa adabu. Mwaka 2022 wakazuka wengine, majina ambayo hayakuwa yamefanya kazi yoyote katika programu ile, wakaanza kumlalamikia mtunzaji hadharani: viraka vinachelewa, programu inakufa, kama umechoka mwachie mwingine. Yeye akajieleza kwa upole kwamba hali yake imekuwa ngumu kwa muda mrefu, na kwamba kazi hii haina malipo. Wakazidi kumsukuma. Mwisho akampa Jia Tan sehemu ya utunzaji, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa na jembe mkononi. Wengi wa walioyachunguza mambo haya baadaye wanaamini kwamba wale walalamikaji na yule mwenye jembe walikuwa kambi moja. Mwezi Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi 5.6.1, yote mawili yakiwa na mlango wa siri ambao ungempa mwenye ufunguo uwezo wa kuingia katika seva nyingi duniani.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mwandishi wa programu huria ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Alikuwa anapima mambo yake mwenyewe, akaona kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea. Yeye alifuatilia hadi akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, akaitangazia dunia alichokiona: alifanya nini, kwa toleo gani, aliona nini, na wapi hana hakika. Hakumtukana mtu. Kwa saa chache watunzaji wa mifumo mbalimbali wakarudi kwenye matoleo ya zamani, kabla sumu haijafika katika mifumo thabiti inayotumiwa na watu wengi.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Mwenye adabu na mwenye jembe alikuwa ndiye mwizi. Basi je, ubaya ulipitia wapi? Ulipitia kwa watazamaji walioruhusiwa kumpigia kelele mtu mmoja aliyechoka, na hakuna hata mmoja kati ya maelfu waliokuwa wakiitumia kazi yake aliyesimama kusema, "Mwacheni, mnachotaka kifanyike, kileteni." Ulipitia pia gizani: sehemu muhimu ya hila ile haikuwa katika msimbo unaosomwa na wote, bali iliongezwa katika kifurushi cha kusambaza toleo, na nyingine ilifichwa katika faili za majaribio zisizosomeka kwa macho. Ubishi ule wa mstari kwa mstari ungeweza kuyakamata, laiti yangepitishwa mbele yake. Mtunzaji wa zamani alirudi, akapitia upya kazi ya mwenzake, na tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2 lisilo na mlango ule.

Turudi sasa nyumbani, maana haya yote yanatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Programu huria ndiyo iliyofungua mlango wa Kiswahili kuingia katika kompyuta bila kungoja ruhusa ya mwenye kampuni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha yetu. Msimbo ulikuwa huria, hivyo walichohitaji ni maneno. Na maneno, kama tujuavyo, ndiyo yanayotugombanisha. Hata chombo chenyewe Mtanzania anakiita kompyuta, na vitabu vya Kenya vikakipa jina la tarakilishi, wapo pia waliosema ngamizi.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoa saa chache kila juma kusahihisha tafsiri za Kiswahili za programu huria, pamoja na watu ambao wengi sijakutana nao. Tumewahi kubishana majuma matatu juu ya neno moja la kulinda akaunti. Ndugu wa Mombasa alitaka nywila, akisema lugha isiyothubutu kuunda maneno itabaki ikiazima. Dada wa Dar es Salaam alitaka neno la siri, kwa kuwa mama yake angelielewa bila kufundishwa. Ndugu wa Bukavu akatukumbusha kwamba kitufe kwenye simu ndogo hakina nafasi ya maneno matatu, akapiga picha ya kioo cha simu yake ili tuone yanavyokatika katikati. Picha hiyo ilifanya kazi kuliko kurasa za ufasaha wetu. Tukachagua nenosiri. Na yule wa Mombasa, aliyeshindwa, ndiye aliyeandika katika faharasa yetu maelezo ya kwa nini nywila haikuchukuliwa. Aliyaandika kwa haki kiasi kwamba nikisoma leo nakaribia kushawishika naye.

Lakini katika programu nyingine, ambayo sikuhusika nayo wakati huo, alikuwapo mwalimu wa sekondari aliyekuwa akitafsiri peke yake, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Alikuwa amemaliza mamia ya sentensi. Siku moja mtu asiyejulikana, ambaye hakuwa ametafsiri hata sentensi moja, aliandika chini ya kazi yake kwamba Kiswahili hiki ni cha mashine, ni aibu, afadhali kiondolewe. Hakutaja sentensi iliyomkera. Hakutoa neno badala yake. Mwalimu alisubiri siku chache kuona kama kuna atakayesema lolote. Halafu hakuandika tena.

Niliifungua faili ile mwezi uliopita. Jina lake lingali pale juu, katika mstari wa watafsiri, pamoja na mwaka. Tafsiri zake nilizipitia zote, nikabadilisha maneno manne. Baada ya sentensi yake ya mwisho mistari ni mitupu hadi chini, kwa hiyo ukiifungua programu hiyo leo kwa Kiswahili, menyu tatu za kwanza zinasomeka vizuri, na kuanzia ya nne yote ni Kiingereza.